Umesimamishwa uwakili Nairobi? Namna ya kukata rufaa, tangu siku ya bahasha hadi kurudi kortini

Ijumaa moja alasiri wakili mwenzangu aliingia ofisini kwangu, Upper Hill, akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Aliiweka mezani bila kusema neno. Ndani mlikuwa na notisi ya uamuzi wa Jopo la Nidhamu la mawakili: amesimamishwa kazi miaka miwili na amlipe mlalamishi fidia. Nikamuuliza aliipokea lini. Jumatano ya wiki iliyopita, akanijibu. Bahasha hiyo ilikuwa imelala kwenye droo yake siku tisa. Alikuwa anajipanga, akasema.

Kwa hivyo tulibaki na siku tano, na mbili kati ya hizo zilikuwa Jumamosi na Jumapili. Jumanne iliyofuata notisi ya rufaa ikaingia kortini, siku moja kabla mlango kufungwa. Naandika haya kwa sababu nimewaona wenzangu wengine ambao mlango huo uliwafungia nje. Wengi wao sheria waliijua vizuri. Kilichowafunga mikono ni aibu.

Kwanza, fahamu ni kipi hasa kilichokupata

Mtu husema "nimefungiwa leseni" akimaanisha mambo tofauti kabisa, na kila moja lina dawa yake.

Cheti cha kila mwaka cha uwakili kikiisha tarehe 31 Desemba na hukukipyaisha, jina lako likitafutwa kwenye ukurasa wa Chama cha Mawakili, LSK, litaonekana halifanyi kazi. Hapo hujaadhibiwa na mtu. Lipa ada, timiza pointi tano za mafunzo endelevu za mwaka, omba cheti. Hakuna rufaa ya kukata.

Jambo zito ni amri ya Jopo la Nidhamu chini ya kifungu cha 60 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 16. Jopo linaweza kukuonya, kukusimamisha kwa muda usiozidi miaka mitano, kuamuru jina lako lifutwe kwenye Daftari la Mawakili, kukutoza faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kukuamuru umlipe mlalamishi fidia isiyozidi shilingi milioni tano. Linaweza pia kuchanganya adhabu hizo. Soma amri yako neno kwa neno, uandike kila sehemu yake kwenye mstari wake. Nimewahi kuona rufaa iliyopinga kusimamishwa ikasahau kabisa kupinga fidia, na fidia ikabaki pale pale ikisubiri kutekelezwa.

Kama uamuzi ulitolewa ukiwa haupo, na una sababu ya kweli ya kutokuwapo, kwa mfano barua zilikwenda kwenye sanduku la posta la ofisi uliyohama zamani, unaweza kurudi kwa Jopo lenyewe uombe uamuzi uwekwe kando usikilizwe upya. Mara nyingi njia hiyo ni fupi kuliko rufaa. Lakini usiache siku za rufaa zipite ukisubiri jibu la ombi hilo. Wasilisha notisi ya rufaa kwanza, kisha uendelee na ombi. Notisi unaweza kuiondoa baadaye. Siku zilizopita huwezi kuzirudisha.

Siku 14, na namna ya kuzihesabu

Kifungu cha 62 kinakupa siku 14 tangu upokee notisi ya uamuzi ili utoe notisi ya rufaa kwa Msajili wa Mahakama Kuu. Ukishaitoa, una siku 30 za kuwasilisha hati ya sababu za rufaa. Ni hatua mbili, na kila moja ina hesabu yake ya siku.

Siku uliyopokea haihesabiwi. Ukipokea Jumatatu tarehe 4, siku ya kwanza ni Jumanne tarehe 5, na ya mwisho ni Jumatatu tarehe 18. Wikendi za katikati zinahesabiwa. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu ya umma, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata, lakini nakusihi usiishi kwa kutegemea huruma hiyo.

Kuna mtego wa Krismasi ambao nimeona ukiwanasa hata mawakili wazoefu. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010, Agizo la 50, zinasema siku kati ya 21 Desemba na 13 Januari zisihesabiwe. Tumezoea kupumua hapo. Ila kanuni hiyo ni ya muda uliowekwa na kanuni hizo au na korti, na siku zako 14 zimewekwa na Sheria ya Bunge. Ukipokea notisi tarehe 18 Desemba, hesabu kana kwamba hakuna likizo. Safari ya kwenda nyumbani itasubiri.

Ihifadhi bahasha yenyewe, yenye mhuri wa posta. Kama ni baruapepe, ichapishe pamoja na tarehe na saa yake. Andika pembeni nani aliipokea ofisini na saa ngapi. Upande wa pili ukidai umechelewa, kikaratasi hicho ndicho kitakachokutetea. Na kama uamuzi ulisomwa ukisikiliza, kisha notisi ikaja wiki mbili baadaye, hesabu kutoka tarehe ya mapema kuliko zote. Hakuna wakili aliyewahi kushindwa kwa kuwahi.

Ukishachelewa, bado unaweza kuomba uongezewe muda. Mahakama ya Juu iliweka vigezo mwaka 2014 katika kesi ya Nicholas Salat dhidi ya tume ya uchaguzi, IEBC: kuongezewa muda si haki yako, ni hisani ya korti, na ni lazima uueleze ucheleweshaji wote hatua kwa hatua. "Nilikuwa na mawazo" si maelezo. Barua ya daktari yenye tarehe ni maelezo.

Tafuta wakili

Unajua tunavyowaambia wateja wanaotaka kujitetea wenyewe. Sasa ni zamu yako kusikia. Ukiandika hati zako mwenyewe utaandika kwa hasira, utamshambulia mlalamishi, na utasahau jambo moja lililo wazi ambalo mtu wa nje angeliona kwa dakika tano. Chagua wakili mwenye uzoefu wa rufaa, asiwe mshirika wako wa ofisini, na awe mtu anayeweza kukuambia ukweli usoni.

Kuna sababu nyingine pia. Tangu 1 Julai 2020 hati za korti za Nairobi huwasilishwa kupitia mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Mahakama. Ukitumia akaunti ya ofisi yako, na hati ikabeba maneno "Mawakili wa Mrufani" chini ya jina la ofisi unayoiongoza, umefanya kazi ya uwakili ukiwa umesimamishwa. Rufaa ya kupinga adhabu inakuwa yenyewe ushahidi wa kosa jipya. Acha wakili wako awasilishe kwa akaunti yake, atie sahihi yake.

Notisi ya rufaa na faili ya Jopo

Notisi ni ukurasa mmoja. Inataja amri unayoipinga, tarehe yake, namba ya kesi ya nidhamu, na kwamba unakata rufaa kwa Mahakama Kuu dhidi ya uamuzi wote au sehemu fulani. Usianze kubishana humo. Iwasilishe, lipa, chapisha stakabadhi, kisha uwapelekee nakala mlalamishi, Jopo kupitia LSK, na Tume ya Malalamishi Dhidi ya Mawakili kama ndiyo iliyoendesha mashtaka. Anayepokea agonge mhuri kwenye nakala yako. Ukimwacha mtu nje, siku ya kusikilizwa jaji atakurudisha ukampelekee, na miezi itapita.

Siku hiyo hiyo, mwandikie katibu wa Jopo, LSK, Barabara ya Gitanga, Lavington, uombe nakala zilizothibitishwa za mwenendo wote wa kesi, hukumu, amri ya adhabu, hati za kiapo za pande zote na vielelezo. Baada ya wiki mbili, kama hujapewa, andika tena. Baada ya mwezi, andika tena. Barua hizo tatu zenye mihuri ndizo zitakazoeleza kwa nini rekodi yako ya rufaa imechelewa. Simu haziachi mhuri.

Usikimbilie kesi ya mapitio ya mahakama au ya katiba kwa sababu tu inasikika nzito zaidi. Sheria ya Haki katika Maamuzi ya Kiutawala ya 2015 inataka njia zilizowekwa na sheria zimalizwe kwanza, na yako imewekwa: ni rufaa ya kifungu cha 62. Hoja za Kifungu cha 47 na cha 50 cha Katiba, yaani haki katika maamuzi ya kiutawala na haki ya kusikilizwa, unaweza kuzileta ndani ya rufaa hiyo hiyo.

Kuomba amri isitishwe

Usidhani kwamba kwa kuwa umekata rufaa, umerudi kazini. Amri inaendelea kukushika mpaka korti iseme vingine. Kwa hiyo, pamoja na notisi, wakili wako aandae ombi la kusitisha utekelezaji, likiambatana na cheti cha dharura na hati yako ya kiapo.

Agizo la 42, kanuni ya 6, la zile Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, linatazama mambo matatu: kwamba utapata hasara kubwa amri isiposimama, kwamba hukuchelewa kuja, na kwamba uko tayari kutoa dhamana. Wengi huandika tu kwamba "nitapata hasara isiyofidika" na kuishia hapo. Mweleze jaji kwa vitu vinavyohesabika. Weka jedwali la kesi zinazoendelea, korti zake na tarehe za kusikilizwa. Taja wafanyakazi unaowalipa. Eleza kwamba ukimaliza miaka miwili ya adhabu kabla rufaa haijasikilizwa, ushindi wako utakuwa wa kwenye karatasi.

Kisha fikiria kinachomsumbua jaji usiku. Yeye hakuogopei wewe. Anawaogopea wateja wako. Akikuruhusu urudi kazini na kesho fedha ya mjane fulani ikapotea, kosa hilo litakuwa na sahihi yake pia. Basi mpe sababu ya kulala. Jitolee kuweka kortini kiasi kinachobishaniwa. Ahidi kwa kiapo kwamba hutapokea fedha za wateja hadi rufaa iamuliwe, au kwamba akaunti ya wateja itatiwa sahihi na wakili mwingine pamoja nawe. Kwangu mimi, ahadi moja ya namna hiyo ina uzito kuliko kurasa kumi za nukuu za kesi.

Fedha za mteja

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo rufaa nyingi hufia.

Malalamiko mengi yanayomfikisha wakili mbele ya Jopo yana sura moja. Mteja alilipwa fidia ya ajali, au kiwanja chake kiliuzwa, fedha zikaingia akaunti ya wakili, kisha simu zikaacha kupokewa. Wakati mwingine wakili ana hoja halali: ada yake haijalipwa, kuna gharama, kuna wakili wa upande wa pili anayedai. Lakini hakuwahi kuandika hesabu akampa mteja. Akaandikiwa na Tume, hakujibu. Akaitwa na Jopo, akaomba kuahirisha mara nne. Kufikia hapo Jopo halioni tena mgogoro wa ada. Linaona mtu anayeficha kitu.

Kama kuna fedha isiyobishaniwa, ilipe kabla ya rufaa kusikilizwa. Usisubiri kuamriwa. Kama mlikusanya shilingi 1,800,000 na ada yako halali ni 400,000, basi 1,400,000 si yako hata siku moja, na kila mwezi unaokaa nayo unamfundisha jaji wewe ni mtu wa aina gani. Lipa kwa benki, pata stakabadhi, uiambatanishe. Zile 400,000 ziweke pembeni mpaka hati yako ya ada ikadiriwe na msajili wa korti.

Yule mwenzangu wa bahasha ya kaki alikataa mwanzoni. Alisema kulipa ni kukiri. Tulibishana hadi jioni. Nikamwomba anieleze fedha zile ziko wapi, akanyamaza, akatazama dirishani. Zilikuwapo, lakini si zote. Wiki ile aliuza gari. Sikuona aibu kwake katika hilo. Niliona mtu anayeanza kurudi. Malipo hayo hayakufuta kosa, lakini yalibadilisha kabisa namna tulivyosikilizwa tulipoomba adhabu ipunguzwe.

Na fahamu kwamba kifungu cha 80 cha Sheria hiyo hiyo kinafanya matumizi mabaya ya fedha za mteja kuwa kosa la jinai. Kabla ya kuapa chochote katika rufaa, mwonyeshe wakili wako kila sentensi. Unachoapa leo kwenye korti ya Milimani kinaweza kusomwa kesho katika korti ya jinai.

Sababu za rufaa

Kosa kubwa la waandishi wa hati hii ni kusimulia upya. Rufaa haimwombi mtu yeyote akusikilize tena kana kwamba Jopo halikuwapo. Inaonyesha Jopo lilikosea wapi, na lionekane kwenye rekodi: ukurasa gani, mstari gani. Sababu tano zilizonyooka zinatosha.

Anza na utaratibu. Je, ulipewa nakala ya malalamiko na ushahidi, na nafasi ya kukagua hati, angalau siku saba kabla ya kusikilizwa, kama kifungu cha 60 kinavyotaka? Je, uliruhusiwa kumhoji mlalamishi ulipoomba? Je, adhabu ilitolewa kabla hujapewa nafasi ya kujitetea juu ya adhabu yenyewe? Kama ulipelekewa kila kitu ukapuuza, usiguse hoja hii. Hati ya kiapo ya mpeleka barua itakuaibisha.

Kisha ushahidi. Hapa tuna silaha ya zamani iliyotoka hapa hapa kwetu. Mwaka 1956, Baraza la Faragha la Uingereza, lililokuwa korti ya mwisho ya rufaa za makoloni, liliamua rufaa ya Bhandari dhidi ya Kamati ya Mawakili, iliyotoka Kenya, likasema kwamba shtaka la utovu wa nidhamu lenye udanganyifu au uovu wa tabia ndani yake linahitaji uthibitisho wa kiwango cha juu. Haitoshi Jopo kuona kwamba "huenda" ulidanganya. Kama uamuzi wako umeandikwa kwa aya mbili, bila kusema ni ushahidi upi ulioaminiwa na kwa nini, hoja hiyo ina nguvu. Ongeza kesi ya Selle ya 1968, inayoipa korti ya rufaa ya kwanza wajibu wa kuupima ushahidi wote upya, ingawa ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi.

Tenganisha pia uzembe na utovu wa nidhamu. Wakili aliyekosea tarehe ya kuwasilisha hati amekosea, na mteja anaweza kumshtaki alipwe. Hilo peke yake halimfanyi asiyefaa kuwa wakili.

Mwisho, adhabu. Korti hugusa uamuzi wa hiari kama huu pale tu ambapo aliyeamua alifuata kanuni isiyo sahihi, aliacha jambo muhimu, au alifika mahali pasipo na mantiki. Ndiyo mafunzo ya Mbogo dhidi ya Shah, 1968. Kwa hiyo usiseme tu kwamba miaka mitatu ni mingi. Onyesha kilichoachwa: kwamba ni kosa la kwanza katika miaka kumi na mitano, kwamba ulikuwa umeshalipa, kwamba kwa makosa yanayofanana Jopo limewahi kutoa adhabu nyepesi zaidi. Tafuta maamuzi hayo kwenye hifadhi ya Kenya Law, uyaweke kwenye jalada lenye namba za kurasa.

Ofisi wakati huu wote

Mpaka upate amri ya kusitisha, wewe machoni pa sheria ni mtu asiye na sifa ya uwakili, na kifungu cha 31 kinakuhusu. Usiende kortini "kumshikia" mtu faili. Usiandae mkataba wa kuuza ardhi. Usiapishe hati za viapo. Usitie sahihi barua ya madai hata ya jirani. Andikia wateja wote, kwa lugha wanayoielewa, kwamba kwa sasa huwezi kuwawakilisha na kwamba wana haki ya kuchukua faili zao. Wenzako wa ofisini wawasilishe notisi za kubadilisha wakili kwenye kila kesi. Ndiyo, baadhi ya wateja hawatarudi.

Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika National Bank dhidi ya Anaj Warehousing, iliamua kwamba hati iliyoandaliwa na wakili asiye na cheti haibatiliki kwa sababu hiyo tu. Uamuzi huo ulimlinda mwananchi aliyeamini muhuri wa wakili. Haukumpa wakili ruhusa.

Siku ya kusikilizwa, na baada yake

Mara nyingi jaji ataelekeza hoja za maandishi, kisha dakika chache za kuzieleza, ana kwa ana Milimani au kwa video. Uwepo, hata kama wakili wako ndiye anayesema. Vaa suti ya kawaida. Joho na kola nyeupe viache nyumbani. Mlalamishi anaweza kuwa ameketi benchi la nyuma. Msalimie.

Korti inaweza kuthibitisha amri, kuiondoa, kuibadilisha, au kurudisha shauri kwa Jopo lisikilizwe upya. Ukishindwa, kuna njia ya Mahakama ya Rufaa, na hesabu yake ya siku inaanza papo hapo. Jioni ile ile kaeni na wakili wako mwamue.

Ukishinda, usiingie kortini kesho yake asubuhi. Chukua amri iliyotiwa mhuri, uipeleke kwa Msajili na kwa LSK, na usubiri hali yako ibadilishwe kwenye rekodi. Hakikisha cheti chako cha mwaka huu kipo. Kama kesi ilivuka Desemba, itabidi uombe kipya, pointi tano zikiwa zimetimia. Tafuta jina lako mwenyewe kwenye ukurasa wa LSK, kama mteja angelitafuta. Likionekana linafanya kazi, chapisha ukurasa huo uutie kwenye mkoba. Mwenzangu alikaa na karatasi hiyo miezi mitatu, na karani mmoja wa masjala alimwomba kuiona siku ya kwanza kabisa.